Yule Mpokeaji wa Jumamosi

Mjukuu wangu Lyse anacheza mpira ambao mpaka leo siwezi kuueleza bila kutumia mikono. Si mpira wa miguu tuliouzoea. Huu una umbo la papai dogo na miguu haiugusi. Mmoja, ambaye ndiye Lyse, anasimama nyuma na kuurusha. Wengine wanakimbia mbele kuudaka, na hao wanaitwa marisiva. Kila mchezaji amefunga mkanda wenye vitambaa kiunoni, na mpinzani akikuchomolea kitambaa ukiwa na mpira, umesimamishwa. Hakuna kuangushana. Ndiyo maana niliukubali.

Timu yao inaitwa Ibis, jina la yule ndege mweupe mwenye mdomo mrefu anayefukua mapipa ya taka hapa Sydney. Lyse anasema walimchagua ndege huyo kwa sababu ukimfukuza haendi. Lakini timu yenyewe ilikaribia kufukuzwa. Misimu miwili mfululizo walimaliza wa mwisho, na viongozi wa ligi wakawaambia, kwa ule upole ambao watu wa hapa hutumia kusema mambo mabaya, kwamba wakiwa wa mwisho tena, nafasi yao watapewa wengine.

Lyse alilia siku hiyo. Mimi nililia baadaye, jikoni, kwa sababu yangu mwenyewe.

Mtoto huyu alifika Australia akiwa mdogo. Nilimsemesha Kiswahili, akanijibu Kiingereza, miaka na miaka, mpaka nikazoea kuishi naye kama redio mbili zilizofunguliwa stesheni tofauti. Kisha ikaja hii timu. Wasichana wenyewe ni Wakenya, Warundi, na wengine wa huku na huku, na wakagundua kwamba wakiitana kwa Kiswahili uwanjani, wapinzani hawaelewi kitu. Wakaipa mipango yao majina ya chakula. Sambusa ni kukimbia mbele halafu kukata kona kali. Chapati ni kuzunguka. Maharage ni kila mtu atawanyike anakojua. Siku moja nikamsikia Lyse chumbani akifanya mazoezi peke yake: "Kushoto kwangu, kulia kwako, subiri, subiri, sasa!" Nilikaa jikoni nikajifuta macho kwa kitambaa cha vyombo. Timu ikivunjwa, nilijua, Kiswahili kitarudi kabatini.

Ligi yao ina desturi moja nzuri. Wasichana wapya huja kujaribiwa uwanjani Jumamosi moja, na Jumamosi inayofuata timu hukutana ukumbini kuwachagua, zamu kwa zamu. Waliokuwa wa mwisho ndio huchagua wa kwanza. Kwa hiyo Ibis, kwa kushindwa kwao kote, walikuwa na zamu ya kwanza.

Siku ya majaribio nilikwenda. Lyse aliegesha gari mbali akatangulia mbio, maana alikuwa amechelewa, nami nikabaki na sanduku la barafu lenye maji na machungwa, na mfuko wa mandazi. Wasichana walinipita, kila mmoja na tabasamu lake. Mmoja mrefu mwenye vidude vya muziki masikioni alinipungia mkono. Halafu, kutoka upande wa pili wa nyasi, akaja msichana mnene, mabega mapana, anakimbia kunielekea mimi.

"Koko, nikupokeye."

Akalichukua sanduku akaliweka begani, akanyoosha mkono mwingine kuuomba mfuko.

Kwetu mtu akija na mzigo, humwachi amesimama nao huku unamuuliza habari. Unampokea kwanza. Tangu nifike hapa watu wamenifungulia milango, wamenipisha viti kwenye treni, wamesimamisha magari nivuke; siwezi kuukana wema wao. Lakini neno lile, kutoka kwa mtu nisiyemjua, sikuwa nimelisikia tangu tulipoondoka Tanzania.

Nikamuuliza jina. Akasema Bisimwa, wazazi wake ni wa Bukavu, anakaa Macquarie Fields na anahudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee.

"Na mbona hukuniita Bibi kama wenzako?"

"Aa, Koko! Kwetu bibi ni mke wa mtu. Nikikuita bibi, bwana yako atanipiga."

"Bwana yangu alishatangulia mbinguni, mwanangu."

"Basi atanipiga nikifika."

Tulicheka mpaka barafu ikagongana ndani ya sanduku.

Uwanjani Bisimwa hakung'ara, lazima niseme. Mugambi, kocha wa Ibis, Mkenya mwenye kazi ya ofisini na filimbi shingoni hata akiwa dukani, alimtazama akasema, "Huyu anakimbia kama mtu anayetafuta funguo kwenye nyasi." Yule mrefu wa muziki, kumbe anaitwa Jacky, alipokimbia watu wote walisimama. Alidaka kila alichorushiwa. Alidaka hata kimoja ambacho hakurushiwa yeye.

Jioni ile wakakusanyika mezani kwangu, Merrylands, kubishana. Lyse, Mugambi, na Apondi, nesi wa hospitali ya Westmead, ambaye ni risiva wa Ibis tangu mwanzo. Apondi hakukaa mezani. Alikaa chini sakafuni, mguu wangu mapajani mwake. Mimi nina sukari, na kila akija nyumbani kwetu, hata awe ametoka kazini macho mekundu, lazima akague nyayo zangu kama zina kidonda. Hajawahi kuombwa.

"Ni Jacky," Lyse akasema. "No question. Coach, umeona mbio zake?"

"Nimeziona. Lakini marisiva tunao watatu. Huyo wa nne atadaka nini, kama wewe unachomolewa kitambaa kabla hujainua mkono? Tunataka mtu wa kusimama mbele yako."

"Nikiwa na risiva wa mbio, nitarusha haraka."

"Utarusha haraka, utarusha vibaya. Kama kawaida."

"Coach!"

"Nasema tu. Shosho, mwambie huyu mtoto wako."

"Mimi nakaanga," nikasema.

"Okay," Lyse akasema, "huyo wa kusimama mbele yangu ni nani? Give me a name."

Mugambi akachukua andazi. Hapo hoja yake ikaishia.

"Msigombane," Apondi akasema kutoka chini. "Tuseme ukweli, mikono yangu ina sabuni, mipira inaniponyoka. Mchukueni Jacky, mimi nitakaa benchi nimshikie Shosho mwavuli."

Wote wakacheka, naye akacheka. Lakini vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya kidole changu cha mguu, na vilikaa hapo muda kabla ya kuendelea. Niliona mimi tu.

Basi ikaamuliwa. Ibis watamchukua yule risiva mrefu kwanza kabisa.

Jumamosi ya kuchagua nilikuwa ukumbini toka asubuhi na akina mama wa kanisani, tukiuza sambusa na chai kwa ajili ya paa la kanisa. Lyse alikuwa aje akitoka kazini, Mugambi aje na gari lake. Muda ukakaribia, sikumwona hata mmoja. Simu yangu ikalia. Ni Lyse, na nyuma yake nasikia kengele za wagonjwa.

"Bibi, mwenzangu wa zamu hajafika, siwezi kutoka. Na Coach amekwama kwenye M4, kuna ajali. Mtu wa Ibis lazima aseme jina, ama sivyo turn yetu inapotea. Can you do it?"

"Nitafanya. Niseme jina gani?"

Sasa, mjukuu wangu ana moyo mzuri. Mezani walikuwa wakisema risiva, risiva, lakini pale kwenye simu, na kelele zote zile, akaogopa nisije nikachanganyikiwa na neno la kigeni. Akatafuta la Kiswahili. Alilitafuta kweli, nilimsikia akilitafuta.

"Yule… yule mpokeaji, Bibi. Mpokeaji wa Jumamosi iliyopita. Unamkumbuka?"

"Namkumbuka sana!"

"You sure? Yule mpya?"

"Mwanangu, nitamsahauje?"

"Love you, Bibi!" Mtu akamwita, simu ikakatika.

Nilifurahi mno. Nikajisemea, kumbe wamebadili mawazo, kumbe na wao walimwona! Kumbe pamoja na mbio zote zile, walitazama pia nani ana adabu. Nikafuta unga mikononi, nikaingia ukumbini na aproni yangu. Mama mmoja mwenye nywele za fedha alikuwa na kipaza sauti. Akaita Ibis.

"Bisimwa!" nikasema.

Yule mama akainama kidogo, akaniuliza kwa upole kama nina hakika, darling. Nikamwambia nina hakika kabisa. Nyuma kabisa nikamwona Bisimwa mwenyewe, amejishika kifua kwa mikono miwili, anageuka kushoto na kulia kuona kama kuna Bisimwa mwingine.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya timu ya Parramatta, wanaoitwa Cockatoo, nasi tunawaita Kasuku. Wakapiga yowe jina la Jacky kabla hata hawajaitwa.

Mugambi akaingia anahema, shati limelowa. "Shosho! Tumempata?"

"Tumempata! Amekwenda kumpigia mama yake simu, analia kwa furaha."

"Jacky analia?"

"Jacky wa nini tena? Ni Bisimwa!"

Mugambi akatazama upande wa Kasuku, ambao walikuwa wamembeba Jacky juu juu. Akakaa kwenye kiti. "Shosho," akasema taratibu, "umetuweza." Halafu, kwa kuwa ni mtu mwema, akaomba sambusa mbili akazilipia nne.

Lyse alipofika nyumbani nilimweleza mwenyewe. Aliposikia neno mpokeaji alifumba macho. Hakunipigia kelele. Alikwenda kwenye sinki akaanza kuosha masufuria yangu ya sambusa, moja baada ya jingine, kwa nguvu.

"Nitakwenda kuwaambia nilikosea," nikasema. "Mzee anaruhusiwa kukosea."

"No, Bibi." Akaendelea kusugua. "Tumwambie nini Bisimwa? Kwamba tulimchagua by accident? Analia kwa furaha, umesema." Akaliinua sufuria kwenye mwanga. "Amechaguliwa, amechaguliwa. Na asijue. Promise?"

Nikaahidi. Mugambi akaahidi. Apondi akaahidi huku akijizuia kutabasamu, kisha akajutia tabasamu lake, akafungua viatu vyangu akague miguu, ingawa alikuwa ameikagua juzi yake.

Msimu ukaanza, na ulianza vibaya. Bisimwa alikuwa akija kwa treni kutoka Macquarie Fields, anabadilisha Glenfield, anafika wa kwanza, ananipokea sanduku. Hilo lilikuwa jambo lake la kwanza na kwa wiki kadhaa lilikuwa jambo lake zuri pekee. Mugambi alimweka mbele ya Lyse awazuie wanaokuja kumchomoa kitambaa. Ligi hii inaruhusu mtu kusimama njiani, mikono kifuani, bila kusukuma. Lakini Bisimwa alikuwa akiomba radhi kila anapomzuia mtu. "Pole, dada. Pole." Na kweli anajisogeza.

"Bisimwa," Lyse akamwambia, "kazini, mzee akitaka kutoka nje usiku bila viatu, unafanyaje?"

"Nasimama mlangoni."

"Unamwambia pole?"

"Namwambia pole. Lakini sitoki."

"Basi. Mimi ndiyo mlango."

Alimaanisha yeye ndiye nyumba, au nyumba iko nyuma ya mlango, Kiswahili chake bado kinayumba. Lakini Bisimwa alielewa. Toka siku hiyo aliendelea kusema pole na hakusogea. Ibis wakashinda mechi moja, wakapoteza, wakashinda nyingine. Mpaka ikafika mechi ya mwisho hesabu zikawa wazi kwa kila mtu: wakishinda, wanaruka juu ya timu moja na wanabaki ligini. Wakishindwa, ni wa mwisho tena. Na mechi yenyewe ilikuwa na Kasuku.

Na Kasuku walikuwa na Jacky. Hapo ndipo kosa langu lilipoonyesha meno yote.

Lyse akaita, "Sambusa!" Apondi akakimbia mbele akakata kona, na Jacky alikuwa tayari amesimama pale, amepiga kelele kwa wenzake kwa Kiingereza kwamba huyu anakata kushoto. Lyse akaita, "Chapati!" Jacky akacheka kabisa. "She's going round!" Msichana wa Kenya, atakosaje kujua chapati inafananaje?

"Tumekwisha, Shosho," Mugambi akasema, filimbi mdomoni, maneno yakatoka na mluzi. "Tumempa adui kamusi."

Nilikaa kwenye kiti changu cha kukunja, mikono mapajani. Nilimtazama Lyse amesimama katikati ya uwanja, mdomo wazi, hana neno. Nilimjua uso huo. Ndio uso aliokuwa nao utotoni nilipomuuliza kitu kwa Kiswahili, kabla ya kunijibu kwa Kiingereza.

Kasuku walitangulia kwa goli moja, ambalo katika mpira huu ni kuufikisha mpira nyuma ya mstari. Ibis walikuwa wamesawazisha halafu wakapitwa, wakasawazisha tena, na sasa muda ulikuwa umebaki wa kurusha mpira mara moja, labda mbili. Wakakutana vichwa pamoja. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Anajua zote," Lyse alisema. "Every single one. Niite nini?"

Bisimwa akasema, "Ita yoyote. Mwache ajue. Ila usiharakishe. Mimi niko mlangoni."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka mzee alale."

Wakacheka, katika dakika kama ile, wakacheka. Lyse akarudi nyuma, akavuta pumzi, akaita kwa sauti ambayo hata wauza soseji upande wa pili waliisikia: "Maharage!"

"They're scattering!" Jacky akapiga kelele, na alikuwa sahihi, maana walitawanyika. Akamganda Apondi kama kivuli. Msichana wa Kasuku akaja mbio kumchomoa Lyse. Bisimwa akasimama njiani. "Pole, dada." Yule akaenda kushoto, Bisimwa yuko kushoto. Akaenda kulia. "Pole." Akaja mwingine kumsaidia, wakawa wawili, na Bisimwa mikono yake kifuani, anajisogeza hatua fupi fupi kama mama anayezuia watoto wasiingie jikoni chakula hakijaiva. Lyse akasubiri. Sijawahi kumwona mtoto huyu akisubiri. Apondi akazunguka, Jacky naye akazunguka. Apondi akarudi, akageuka tena. Mbio za Jacky ni za kwenda mbele. Huku kuzungukazunguka kulimchosha. Apondi, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku, ambaye kazi yake ni kutembea korido mpaka kunakucha, hakuchoka. Akapata nafasi, ndogo tu, kama ya kupitisha kiti.

Lyse akarusha.

Mpira ukamgonga Apondi kifuani. Ukaruka. Ukamgonga kidevuni. Mugambi akajifunika uso kwa kofia. Apondi akaukumbatia kwa tumbo, kwa viwiko, kwa magoti, kama unavyomshika mtoto aliyeteleza bafuni na sabuni mwili mzima, akaanguka nao nyuma ya mstari. Hakuinuka. Mwamuzi akamwendea, akainama, akatazama. Mpira ulikuwa kwapani.

Sikumbuki nilisimamaje. Nakumbuka kiti changu kilikuwa kimepinduka na Mugambi ananibusu mikono.

Ilipotulia, Ibis wamebaki ligini, timu zote zikapeana mikono. Jacky akaja mpaka nilipokuwa, anatota jasho, anacheka. Hana kinyongo yule mtoto.

"Shosho! Si ungenichagua mimi? Kila mtu anajua ulikuwa umetumwa uniite mimi, ukakosea jina!"

Alisema kwa mzaha tu, hakuwa na ubaya. Lakini Bisimwa alikuwa nyuma yake, sanduku langu la barafu tayari begani.

Wasichana wa Ibis wakanyamaza wote pamoja, na kunyamaza kwao ndiko kulikomwambia.

"Ni kweli, Koko?" Bisimwa akauliza. "Mimi nilikuwa makosa?" Hakulishusha sanduku. "Nilijiuliza sana. Nani anachagua mtu kama miye wa kwanza?"

Nilikuwa nimeahidi kunyamaza, na uongo sikuutaka. Lyse akaja akasimama katikati yetu, magoti yake yamejaa nyasi.

"Nilimwambia Bibi achague mpokeaji," akasema. "Akaenda, akamchagua mpokeaji. Sisi ndio tulikuwa hatujui maana ya neno. Kosa liko wapi?"

Hakukuwa na Kiingereza hata chembe. Sidhani kama mwenyewe alijua.

Bisimwa akamtazama. Kisha akanitazama mimi, nikatikisa kichwa kukubali, maana ndivyo ilivyokuwa. Akasema, "Aksanti," kwa sauti ndogo, akalipandisha sanduku vizuri begani.

Tukaelekea kwenye gari, Apondi akiwa bado ameukumbatia mpira, hataki kumpa mtu. Nikasikia hatua nyuma yangu. Ni Jacky, amevua vidude vyake vya muziki, ameninyooshea mkono kuelekea mfuko wa mandazi.

"Nikupokee, Shosho?"

"Pole, dada," Bisimwa akasema, akasimama njiani.